Kipindi cha Kusubiri

Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hawakutuambia, hata hivyo, uchungu huo utagharimu pesa ngapi wala ni nani atakayezilipa. Swali hilo lilinifikia Jumatatu moja asubuhi, nikiwa na mimba ya wiki tisa, likiwa limeandikwa kwa Kiingereza katika kijitabu cha kurasa kumi na nne.

Wakati huo nilikuwa mhariri msaidizi katika shirika moja la uchapishaji jijini Nairobi, na usiku nikiandika tasnifu yangu ya uzamili. Mwajiri wetu alikuwa amebadilisha kampuni ya bima ya matibabu. Kila mfanyakazi alitakiwa kuchagua mmoja kati ya mipango miwili na kurejesha fomu kabla ya saa kumi alasiri ya Ijumaa. Ambaye hangechagua angechaguliwa, na uamuzi huo ungedumu mwaka mzima.

Huenda msomaji akauliza: je, sote hatuchangii bima ya umma? Tunachangia. Mnamo Oktoba 2024, hazina ya NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966 iliipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, na tangu hapo kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Viwango vilivyotangazwa mamlaka hiyo ilipoanza vilikuwa shilingi 10,000 kwa anayejifungua kwa njia ya kawaida na shilingi 30,000 kwa anayefanyiwa upasuaji. Katika hospitali ya umma, huo ni msaada mkubwa. Katika hospitali ya binafsi niliyokuwa nikihudhuria kliniki, pengo lililobaki lilikuwa pana, na ndilo nililotaraji bima ya mwajiri iliziba. Sikuwa tayari kubadilisha daktari. Mwaka uliotangulia mimba yangu ya kwanza iliharibika, naye ndiye aliyekuwa akinichunga. Kwa sababu iyo hiyo, habari za ujauzito huu zilijulikana na watu watatu tu: mimi, mume wangu na daktari huyo.

Mpango wa kwanza uling'aa. Ulitoa shilingi 100,000 kwa matibabu ya wasiolazwa, ukagharamia meno na miwani, na ukatenga shilingi 100,000 kwa uzazi. Mpango wa pili ulitoa nusu tu ya kiasi hicho kwa wasiolazwa, haukutambua meno wala miwani, na uzazi uliutengea shilingi 80,000. Kwa mtu mwenye haraka, hapakuwa na la kufikiria. Lakini chini ya jedwali, kwa herufi ndogo kama sisimizi, palikuwa na sentensi moja: malipo ya uzazi katika mpango wa kwanza yangeanza baada ya miezi kumi. Katika mpango wa pili yangeanza siku ya kwanza.

Mimba ni miezi tisa. Yangu ilikuwa imekwisha kula miwili. Hesabu hiyo haikuhitaji shahada.

Hata hivyo, uchaguzi haukuwa mwepesi. Mume wangu ana ugonjwa wa kisukari. Dawa zake na vipimo vyake hulipiwa kila mwezi kutoka fungu la wasiolazwa, na kwa kadirio letu shilingi 50,000 zisingefika mwisho wa mwaka. Usiku ule tulikaa mezani na karatasi na kalamu, tukipima afya ya baba dhidi ya kuzaliwa kwa mtoto, kana kwamba ni bidhaa mbili kwenye mizani ya duka. Hatimaye mwenzangu aliweka kalamu chini akasema, "Sukari yangu tumeizoea. Huyu hatujamzoea." Nikatia alama kwenye mpango wa pili.

Laiti kisa hiki kingeishia hapo, nisingekuwa na la kuwaandikia wanafunzi wa Kiswahili.

Jumatano nilikutana kwenye ngazi na dada mmoja afanyaye kazi katika bohari yetu ya vitabu. Ni mdogo wangu kwa miaka kadhaa, naye huniita dada. Alikuwa na kijitabu mkononi. "Dada, wewe ni mtu wa Kiswahili," akaniambia. "Haya maneno madogo ya hapa chini kwenye uzazi yanasemaje?" Nilikuwa nimechelewa kikaoni. Nilitupa jicho nikamjibu nikiendelea kupanda: "Kipindi cha kusubiri, miezi kumi." Alinishukuru. Nami niliingia kikaoni nimeridhika, kwani tafsiri ile ilikuwa sahihi neno kwa neno.

Ijumaa wakati wa chakula cha mchana tuliketi meza moja. Nilimuuliza alichagua upi. Akanijibu kwa furaha kwamba alichukua wa kwanza. "Hawa ni watu wema," akasema. "Mtoto husubiriwa miezi tisa, wao wameongeza hata wa kumi." Kisha, bila kujua, akaupitisha mkono wake juu ya tumbo lililofichwa na dasikoti pana ya bohari.

Chakula kilinikwama kooni. Alikuwa ameelewa kwamba bima ingemlipia kile kipindi chote cha kumsubiri mtoto, na mwezi mmoja wa ziada. Ni nani angemlaumu? Katika lugha yetu mama mjamzito humsubiri mwanawe. Maneno niliyompa yalibeba maana hiyo waziwazi, tena ndiyo maana ya karibu zaidi kwa mwanamke aliye katika hali yake. Kosa halikuwa la masikio yake. Nilikuwa nimempa istilahi, ilhali yeye alikuja kuomba maana.

Nilimweleza. Alinyamaza, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama fomu zimekwisha kutumwa.

Tulifika kwa afisa wa wafanyakazi saa tisa na nusu. Fomu zilikuwa zimefungwa katika bahasha. Afisa aliuliza kwa nini dada huyu anataka kubadilisha. Hakujibu, alitazama sakafu. Nilijua anachohofia, kwani ndicho nilichokihofia mimi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito, na inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo kamili. Lakini hofu haisomi sheria. Mimi niliyeisoma nilikuwa nimeficha yangu kwa wiki kadhaa, na sasa nilikuwa nikitaraji mwenzangu afichue yake peke yake kwa sababu ya kosa langu.

"Sote wawili tuna ujauzito," nikasema.

Afisa alifungua bahasha. Baada ya kuirekebisha fomu, alikisoma tena kijitabu, akatuuliza ni wangapi wengine waliochagua bila kuelewa. Hatukujua. Akaahirisha kuzituma fomu hadi Jumatatu, na mimi nikapewa kazi ya kuandika ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili.

Nilifanya kazi hiyo Jumamosi nzima. Katiba ya mwaka 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Ajira nayo inamtaka mwajiri amfafanulie mkataba mfanyakazi asiyeelewa lugha ulimoandikwa. Semina zetu nazo hazikosi mjadala kuhusu istilahi ipi ni bora na ipi ni ya kukopa. Yote hayo ni mema, lakini hayakunisaidia mbele ya ukurasa ule mtupu. Niliandika "kipindi cha kusubiri" nikafuta. Nikajaribu "muda wa kungojea manufaa", nikafuta tena. Mwishowe niliacha kutafuta istilahi, nikaandika sentensi: "Ukichagua mpango huu, bima haitalipa gharama zozote za uzazi katika miezi kumi ya kwanza, hata kama mchango wako unakatwa kila mwezi." Jumatatu, wafanyakazi wanne walibadilisha fomu zao.

Dada wa bohari alijifungua salama miezi miwili kabla yangu. Mwanangu alizaliwa kwa upasuaji. Bima ilitoa zile shilingi 80,000, SHA ikatoa sehemu yake, na salio tukalilipa wenyewe. Fungu la dawa za babake lilikwisha mwezi wa nane. Miezi iliyobaki tulinunua kwa pesa za mfukoni, tukapunguza mengine. Sijuti.

Ninachokijutia ni lile jibu la kwenye ngazi. Wenzangu wa Kiswahili, kuna siku mtu atatujia na karatasi mkononi, akiamini kwamba lugha tuliyoisomea ni ufunguo. Tusimjibu huku tukipanda ngazi. Tusimame, tumwulize ameelewaje, kisha ndipo tuendelee na safari yetu.