Supu ya dagaa ilikuwa inaenda kwa mbwa

Wengi mmezoea habari zangu za foleni ya malori hapa mpakani, na leo nilitaka niandike hizo hizo. Ila kuna jambo la nyumbani linanikaba, acha nilitoe.

Kwetu Tunduma tuna mbwa wawili na paka mmoja. Mbwa ni walinzi, anayeishi mji wa mpakani anajua kwa nini. Paka aliletwa kwa kazi ya stoo, enzi mama akinunua mahindi na kuyaweka kwa magunia. Chakula chao kilikuwa na utaratibu ule ule miaka yote: jioni ugali wa dona unasongwa kwenye sufuria nyeusi, dagaa wachache wanachemshwa, supu inamwagwa juu, mbwa wanakula. Wakishiba, paka anaparura ukoko. Wasiposhiba, basi tena.

Nani angejali? Paka si alikuwa na panya wake! Lakini mama aliacha biashara ya mahindi, stoo ikabaki tupu, panya wakahama. Hakuna aliyejiuliza paka sasa anakula nini. Mimi ninayelipwa kuuliza maswali nikiwemo.

Mwezi uliopita nikamwona anagonga mguu wa kigoda. Nikacheka. Kesho yake akagonga ndoo. Mama akasema, "Kazeeka huyo, mwanangu." Nikamwita bwana mifugo. Alimtoa juani akatuonyesha: mboni zimebaki wazi kama za usiku. Kipimo cha kuthibitisha hakuwa nacho, lakini swali lake la kwanza lilikuwa, "Mnamlisha nini?"

Akatutajia kitu kinaitwa taurini. Mbwa kwa kawaida huitengeneza mwilini mwake. Paka hutengeneza kidogo mno, lazima aipate kwenye nyama au samaki. Kwenye ugali haimo. Usiku ule nikachimba mtandaoni: mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka akiikosa, sehemu ya nyuma ya jicho huharibika, mwaka 1987 wenzao wakaihusisha na ugonjwa wa moyo. Hayo niliyasoma nimetulia. Kilichoniumiza ni hiki: taurini huyeyuka kwenye maji. Ukichemsha dagaa, sehemu yake inabaki kwenye supu. Supu ile ile tuliyokuwa tunawamwagia mbwa.

Siku hizi paka anakula kwanza, jikoni, mlango umefungwa, dagaa wake na supu yake. Mbwa wanalalamika nje mpaka majirani wanauliza kuna nini. Kitunguu tumeacha kuweka, bwana mifugo kasema ni sumu kwa wote watatu.

Macho yaliyokwisha kuharibika hayarudi, alishatuambia hivyo. Jana nilimkuta mama kachuchumaa anagonga kisahani kwa kijiko, taratibu, ili paka ajue kilipo.