Nzi wa Manyoya Ukingoni mwa Ggaba

Ukishuka kutoka Kampala hadi Ggaba siku za mwezi mwandamo, ndugu msomaji, waweza kuona wingu likipanda juu ya Ziwa Viktoria mfano wa moshi. Ni wadudu wadogo kama mbu, na samaki huwala kwa wingi.

Hapo mwenyeji wangu, askari mstaafu, alinionyesha chambo kiigacho mdudu aeleaye majini. Aliizungushia uzi ndoana ndogo, akafunga mkia wa nyuzi chache za unyoya, kisha akaviringisha unyoya wa shingo ya jogoo hadi vijinyuzi vyake vikasimama pande zote. Hivyo ndivyo vinavyokanyaga maji bila kuyatoboa. (Unyoya wa tembe ni laini, hunywa maji.)

Trauti hawamo Ggaba. Maji yana joto mno kwao. Wamo katika mito ya baridi ya Kenya, ambako mayai yao yalipandwa Mto Gura mwaka 1905, na ambako mafundi hufunga chambo hizi kwa mikono na kuziuza ng’ambo. Za mzee huyu huenda huko kwa basi. Karo ya mjukuu hutoka humo. Kwa hiyo nyumbani kwake jogoo hatiwi maji ya moto kabla ya kuchunwa shingo. Mkewe bado hunung’unika.