Shira ya Miti: Barua kutoka Maine



Kila Jumapili ya nne ya Machi, wenye mashamba ya mepo katika jimbo la Maine, Marekani, huwakaribisha watu waje kuona shira inavyopikwa. Desturi hiyo ilianza mwaka 1983. Safari moja miongoni mwa wageni ilikuwamo familia moja ya Kisukuma: baba, mama, watoto watatu, na bibi aliyetoka Bariadi, Tanzania, kuja kuwaona wajukuu.

Mepo ndio mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Hugemwa ukishafikia unene wa sentimita 25 hivi, na kufika hapo huchukua miaka kama 40. Hutobolewa tundu dogo, kikachomekwa kibomba. Usiku baridi ikigandisha na mchana ukapata joto kidogo, utomvu hutiririka. Hali hiyo hudumu wiki chache tu. Machipukizi yakitokeza, shira huharibika ladha na msimu umekwisha.

Bibi alionja utomvu, akasema ni maji. Alikuwa karibu na ukweli, kwani sukari yake ni kama asilimia 2. Lita 40 huchemshwa mpaka ibaki lita 1! Katika kibanda cha kupikia mvuke ulitanda hadi darini, na watoto hawakutaka kutoka, mpaka walipoitwa nje kuona shira ya moto ikimwagwa juu ya theluji na kugeuka pipi ya kunata.

Ujuzi huu si wa Wazungu. Wenyeji wa asili walikuwa wakigema mepo kabla meli za Ulaya hazijatia nanga, na leo Wapassamaquoddy, kabila mojawapo la wenyeji hao huko Maine, wana biashara yao wenyewe ya shira.

Bibi aliuliza jambo moja: mti mmoja hugemwa muda gani? Ukitunzwa, zaidi ya miaka 100. Hapo akakumbuka kwao, akaanza kuwasimulia wajukuu habari za ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayohifadhiwa, na jinsi mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulivyoanza mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, ukawahimiza wanavijiji kufufua hifadhi walizoachiwa na wazee. Humo zikarudi kuni, dawa, asali na malisho ya kiangazi.

Basi mwenye ngitili asiwauzie wachoma mkaa miti yake. Atundike mizinga ya nyuki, miti ibaki imesimama.