Nilimlaumu mtoto kuharibu gemu, kumbe tatizo ni simu yangu

Nyumbani kwangu hapa Sengerema, Jumamosi usiku ni zamu ya mwanangu wa mwisho. Ana miaka 13. Akishaosha vyombo na kunionyesha madaftari yake, anaruhusiwa kucheza gemu kwenye PlayStation 4 ya zamani ambayo kaka yake aliiacha nyumbani. Mimi namwashia hotspoti ya simu yangu, kwa bando langu, kuanzia saa 2 hadi saa 4 usiku.

Miezi michache iliyopita mambo yaligoma. Aliwasha mashine, akatafuta, akaniambia, "Baba, haioni mtandao wako." Nikaangalia simu yangu: hotspoti imewashwa, bando lipo, WhatsApp inafanya kazi. Nikamuuliza kama tunavyouliza wazazi wengi, "Umebonyeza nini?"

Akasema hajabonyeza kitu. Akaongeza, "Imeanza uliponunua simu mpya." Nilimwambia asinifundishe kazi.

Jumamosi ya pili ikawa vilevile. Nikamwambia mbele ya mama yake kwamba ameshaiharibu kwa kuchokonoachokonoa, na sina hela ya fundi. Ukweli ni kwamba moyoni nilifurahi. Nyumba ilitulia na bando langu likabaki salama.

Wiki ya tatu mama yake akanikalisha chini. "Mtoto halilii gemu," akaniambia. "Anamlilia kaka yake."

Hapa inabidi nieleze. Kijana wangu mkubwa aliacha chuo akiwa mwaka wa kwanza, wakati ada nilishalipa, akaenda Mwanza kujifunza ufundi wa simu. Tulirushiana maneno, na makali zaidi yalitoka kwangu. Kwa zaidi ya mwaka mzima, akipiga simu nyumbani anaongea na mama yake. Mimi naletewa salamu.

Kumbe kila Jumamosi, yeye akiwa Mwanza na mdogo wake akiwa sebuleni kwangu, walikuwa wanacheza mpira wa eFootball pamoja huku wakiongea kwa spika za masikioni. Kwa simu ya mama yao wanapata dakika mbili za salamu. Kwenye mechi wanapata saa mbili. Huko ndiko mdogo alikokuwa akieleza hesabu zinazomshinda na wenzake wanaomsumbua shuleni. Na kila wiki kaka yake alikuwa anauliza, "Presha ya mzee ikoje?"

Usiku huo nikamwita mtoto nikamwambia, "Lete hiyo mashine tuiangalie wote."

Tukaizima kabisa tukaiwasha tena. Bado. Tukaangalia tarehe na saa. Viko sawa. Ndipo mtoto akaomba tujaribu simu ya mama yake. Jina la hotspoti yake likatokea papo hapo, tukaweka nenosiri, mashine ikaingia. Mashine ilikuwa nzima, na mtoto hakuwa ameharibu chochote. Nikamwomba radhi palepale. Hakujibu kitu, alitabasamu tu.

Sasa kwa nini simu yangu mpya haionekani? Nilimjua mtu mmoja tu wa kumuuliza. Nikapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Tukanyamaza wote wawili. Nikamweleza tatizo kama mteja anavyomweleza fundi.

Akaniuliza maswali matatu, kisha akasema, "Baba, hiyo PS4 ni toleo la kwanza kabisa. Inashika Wi-Fi ya gigahezi 2.4 tu. Simu yako inarusha kwa gigahezi 5, kwa hiyo mashine haiwezi kuiona. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, tafuta sehemu ya bendi, weka 2.4."

Nikafanya. Jina la simu yangu likajitokeza kwenye televisheni, na mdogo wake akapiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Kabla sijakata, kijana akasema, "Na presha yako, baba?" Nikamwambia namshukuru Mungu, dawa nameza.

Mzazi mwenzangu, ukikutana na tatizo kama hili usianze na lawama kama mimi. Jua kwanza mashine uliyonayo. PS4 za mwanzo, zilizotoka mwaka 2013, zinatumia gigahezi 2.4 peke yake. Matoleo ya Slim na Pro ya mwaka 2016 yanashika zote mbili.

Kama mtandao unaonekana lakini gemu haliingii, nenda kwenye mipangilio ya mashine, sehemu ya mtandao, upime muunganisho. Kipimo kinakwenda hatua kwa hatua. Kikikwama kwenye anwani ya IP, shida iko kati ya mashine na simu au ruta yako. Kikipita hapo kikakwama kwenye intaneti, angalia bando na mnara. Kikikwama mwishoni, kwenye kuingia mtandao wa PlayStation, huenda ni akaunti, au huduma yenyewe ina hitilafu na utalazimika kusubiri. Na kabla ya kumwita fundi, jaribu simu nyingine. Haigharimu kitu.

Kuhusu bando, kijana alinifafanulia kwamba mechi yenyewe haili sana. Kinachomaliza bando ni gemu kujisasisha, maana hapo zinaweza kwenda gigabaiti kadhaa kwa mara moja. Siku hizi tumezima kujisasisha kwenyewe, na mtoto ananiuliza kwanza.

Lakini ushauri wangu mkubwa ni huu: muulize mtoto anacheza na nani. Mimi nilijua saa za kuanza na za kumaliza, nikadhani najua kila kitu.

Zamani nilikuwa nasema Mwanza ni mbali, foleni ya kivuko pale Busisi inakula siku nzima. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, unavuka kwa dakika chache. Sikuwa tena na kisingizio. Jumatatu iliyofuata nikapanda gari asubuhi.

Nilimkuta kwenye meza yake ndogo, mteja mmoja anasubiri na mwingine anauliza bei. Akanipa kigoda, akamaliza kazi ya mteja wake, kisha akaniomba simu yangu. Akaifuta, akabandika kioo kipya cha kuilinda. Nikatoa hela, akakataa.

Nilikaa pale mpaka saa 9 alasiri, namwangalia akifanya kazi.