Daftari Tulilolisoma Vibaya

Wengi katika akina mama wanaousoma ukurasa huu wana watoto au wajukuu wanaoishi na jamaa zao huku Nairobi, katika mitaa ya Eastlands: Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo, Buruburu, Umoja. Watoto huletwa kwa masomo au kwa kazi, na mama zao hubaki Pwani wakiuliza kwa simu. Ukiacha maswali ya sala, swali tuliloulizwa mara nyingi zaidi ni hili: "Maalim, mwanangu hana mazungumzo ila mpira wa kikapu wa Marekani. Yuacheza kamari?" Tumezoea kulijibu kwa mkato. Leo twataka kulijibu kwa urefu, maana jawabu letu la mkato liliwahi kumuumiza mtoto wa watu.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1440, iliyoingia mwezi wa Mei 2019. Tulikuwa tukiwasomesha vijana baada ya Alasiri, katika chumba kilichoshikana na msikiti, huko Pumwani. Mwaka huo mchujo wa ligi ya NBA ulikutana na mwezi mtukufu. Kwa asiyejua, katika mchujo timu mbili hukutana hadi mara saba, na ile itakayotangulia kushinda michezo minne ndiyo isongayo mbele. Michezo huchezwa usiku kwao. Nasi, majira hayo ya mwaka, tumewatangulia watu wa Toronto kwa saa saba, hata mpira wao wa saa mbili za usiku hutufikia sisi saa tisa, wakati wa tahajudi na daku. Vijana wetu hawakuhitaji kuamshwa mwaka huo. Walikuwa macho tayari, ila sababu yao haikuwa yetu.

Jumatatu ya tarehe 13 Mei tulitoka katika sala ya Alfajiri tukawakuta barazani wamegawanyika makundi mawili, sauti zi juu. Baadhi yao walivaa fulana za timu hizo, zile za mitumba ya Gikomba. Mmoja fulana yake ilikuwa na mnyama wa kale mwenye meno makali, nembo ya Toronto Raptors, na tulikuwa tumeshamwamuru aigeuze nje ndani kabla ya kuingia msikitini. Muda mfupi kabla ya adhana, Kawhi Leonard wa Toronto alikuwa amerusha mpira wa mwisho katika mchezo wa saba dhidi ya Philadelphia, alama zikiwa sawa, 90 kwa 90, na saa ya uwanjani ikimalizika mpira ungali hewani. Uligonga ukingo wa kikapu mara nne, kisha ukatumbukia.

Sasa wakawa wanashindana. Kundi moja lilisema hiyo si timu, ni mtu mmoja na wasindikizaji: katika alama 92, Leonard peke yake alitia 41, naye alirusha mara 39 na kupata 16 tu. Kundi la pili likajibu kwamba chombo kikienda mrama, usukani hupewa ajuaye, wala huulizwi umeushika mara ngapi. Tulisimama pale kwa nia ya kuwatawanya. Kabla hatujafungua kinywa, kijana mmoja mkimya, mwembamba, akafunua daftari lake la mistari akasema kwamba kabla ya mchujo Leonard alicheza michezo 60 tu kati ya 82, kwa kuwa wakuu wake walimpumzisha makusudi, na kwamba watu wale wale waliowakebehi kwa kumpumzisha ndio leo wanaostaajabia nguvu za miguu yake. Hapo tukakumbuka mlango wa rukhsa katika fiqhi, jinsi msafiri na mgonjwa wanavyopunguziwa ili wasikatike njiani, na twakiri kwamba tulikaa chini kusikiliza.

Kijana huyo alikuwa na miaka kumi na saba. Mama yake yuko Kisauni, naye alikuwa akiishi kwa mama yake mdogo, Shauri Moyo, akisoma kidato cha tatu.

Siku zilizofuata tuliyasikia mengi. Mjadala uliotuvutia zaidi ulimhusu mkuu wa timu ya Toronto, Masai Ujiri, ambaye baba yake ni Mnaijeria na mama yake ni Mkenya. Vijana walimwita mpwa wetu. Mwaka 2018 alimtoa DeMar DeRozan, mchezaji aliyeitumikia timu hiyo misimu tisa na kuupenda mji ule, akabadilishana naye kumpata Leonard, ambaye mkataba wake ulibaki mwaka mmoja tu. Je, mtu aliyekutumikia miaka tisa humtoa kwa sababu umeona mwenye nguvu kumshinda? Mmoja alisema hiyo ni hiana. Mwingine akasema mwenye kukabidhiwa jahazi la watu hana ruhusa ya kulizamisha kwa kumwonea haya nahodha rafiki yake. Tumehudhuria mabaraza ya wazee yaliyojadili mambo mazito zaidi kwa hoja nyepesi kuliko hizo.

Hata hivyo moyo wetu haukutulia. Mwaka ule kubeti kwa simu kulikuwa kumeingia katika mitaa hii kama maji ya mafuriko. Tulimjua mama muuza maharagwe na mahamri ambaye kodi ya nyumba yake ilipotelea ndani ya simu ya mwanawe kwa usiku mmoja, kwa mpira uliochezwa katika nchi ambayo kijana hawezi kuionyesha kwenye ramani. Tukaanza kumtazama kila kijana mwenye simu kwa jicho hilo.

Mwisho wa mwezi wa Mei Toronto ilikuwa imeitoa Milwaukee, baada ya kupoteza michezo miwili ya kwanza kisha kushinda minne mfululizo. Alasiri moja, tukikunja mikeka baada ya darsa, tulilikuta lile daftari limesahauliwa. Tukalifungua. Ndani mlikuwa na majina yaliyofupishwa, na mbele ya kila jina alama ya kujumlisha au ya kutoa pamoja na tarakimu. Huyu jumlisha kumi na tisa, yule toa kumi na moja. Ukurasa kwa ukurasa. Hatukutaka ushahidi mwingine: aliyejumlishiwa amekula, aliyetolewa anadaiwa, na mwenye daftari ndiye mshika pesa.

Siku ya pili tulimsimamisha mbele ya wenzake. Tukamwuliza, nani wanakudai na nani unawadai? Akasema, "Ustadh, hizo si pesa." Hatukumwacha amalize. Tulimsomea makemeo ya kamari yote tuliyoyahifadhi, na tukamwambia kwamba mama yake hakumtoa Kisauni ili aje kuwa kuwadi wa maisiri katika nyumba ya Mwenyezi Mungu. Neno hilo la kuwadi tulilitamka sisi, mbele ya watoto. Alituangalia kidogo, akavaa viatu vyake, akaenda zake. Daftari tulibaki nalo.

Kumi la mwisho lilikuwa limeshaingia. Hakuonekana katika tarawehe usiku huo, wala wa pili, wala wa tatu. Siku ya nne mama yake alipiga simu kutoka Kisauni. Hakupandisha sauti.

"Maalim, mwanangu asema harudi tena, nami sitamlazimisha. Lakini nataka unambie, uliziona pesa?"

Tukasema hatukuziona.

"Uliiona simu yake?"

Hatukuiona.

"Yuko aliyekuja kwako akasema nimeliwa na mtoto huyu?"

Hakuwako.

"Basi uliona nini, Maalim?"

Wiki ile ile tulikuwa tukisomesha Sura ya Hujurati, ambayo aya yake ya 6 yataka habari ihakikishwe, na ya 12 yakataza dhana na kupelelezana. Tulizisomesha kwa tafsiri na kwa mifano. Mama huyo hakutukumbusha, na pengine angetukumbusha tungalipata la kujitetea.

Usiku huo mama watoto wetu, ambaye alikuwa amesikia mazungumzo yote, alituuliza kuhusu Olajuwon. Wenye umri wetu watakumbuka. Mwezi wa Februari 1995 ulikutana na Ramadhani, na Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos aliyeichezea Houston Rockets, alicheza akiwa amefunga, na bado ligi ikamtangaza mchezaji bora wa mwezi huo. Habari hiyo tumeisimulia katika mawaidha kwa miaka mingi. "Na hizo habari," akauliza, "wewe ulizipata wapi, kama si kwa vijana wenye madaftari?"

Asubuhi tulimwita kijana mwingine tukamwonyesha ule ukurasa. Alicheka kwanza, kisha akaona nyuso zetu akaacha. Akaeleza kwamba hesabu hiyo haihesabu alama alizotia mchezaji. Chukua mchezaji aliyeingia timu zikiwa 10 kwa 10, akatolewa timu yake ikiwa na 20 na wapinzani 14: huyo huandikiwa jumlisha sita, hata kama yeye mwenyewe hakurusha mpira hata mara moja. Ni kipimo cha hali ya wenzako wewe ukiwepo. Akatuonyesha pembeni mwa ukurasa, kwa maandishi madogo, mwenye daftari alivyojionya mwenyewe: kwamba tarakimu hii hudanganya, kwa kuwa mchezaji dhaifu akisimama na mahodari hupanda pamoja nao. Tulitazama maandishi yale tukawaza, katika darsa ile ya juzi, sisi tungeandikiwa ngapi.

Kijana huyo wa pili ndiye aliyetufundisha pia jambo ambalo akina mama mtalihitaji zaidi kuliko hayo yote. Mwenye kupenda mchezo, alisema, huzungumza jinsi timu ilivyocheza. Hata akishindwa atakueleza kwa nini. Mwenye kubeti hana habari na hilo. Leo anafuatilia ligi ya nchi hii, kesho ya nchi ile, na hawezi kukutajia wachezaji watatu. Utamwona akipiga kelele kwa kikapu cha sekunde ya mwisho ambacho hakibadilishi mshindi, kwa sababu yeye aliwekea pesa tofauti ya alama, si ushindi. Simu yake hulala kifudifudi. Na ujumbe wa pesa huingia na kutoka saa ambazo hakuna duka lililo wazi. Sisi twaongeza moja: mwulizeni mtoto akueleze mchezo, na mkae msikie. Kumsikiliza hakutakupotezeeni zaidi ya robo saa.

Juu ya kukesha kwa ajili ya mpira katika kumi la mwisho, hatukubadili rai yetu wakati ule wala sasa. Mchezo una marudio, waweza kuutazama adhuhuri. Usiku ule hauna marudio.

Tulikwenda Shauri Moyo kwa mama yake mdogo, tukamwomba kijana radhi sebuleni. Alinyamaza. Tukajua kwa nini: hatukumtusi sebuleni. Mzee mmoja wa msikiti alitunong'oneza kwamba mwalimu akimwomba radhi mwanafunzi hadharani kilemba hupungua. Huenda. Jumapili, tarehe 2 Juni, baada ya tarawehe, tulisimama mbele ya jamaa tukasema kwamba tulimtuhumu fulani kwa kamari, kwamba hatukuwa na ushahidi, kwamba tarakimu zile ni za mchezo, na kwamba neno tulilomtamkia tumelirudisha. Hatukujua kama yumo. Alikuwa safu ya nyuma, karibu na mlango.

Alfajiri iliyofuata wakawa barazani tena. Mchezo wa pili wa fainali, kati ya Toronto na Golden State Warriors, ulikuwa ukimalizika wakati ule ule wa sala, na matokeo waliyasoma walipotoka: Warriors 109, Toronto 104. Sasa mzozo ulikuwa juu ya kocha Nick Nurse. Alikuwa ametumia ulinzi ambao katika ligi ile haukuzoeleka: wachezaji wanne walisimama kwa umbo la mraba wakilinda eneo, na wa tano akamganda Stephen Curry kila aendako. Warriors wakakwama kwa dakika kadhaa. Lakini mwishoni, wawili walipomzingira Curry, mpira ulitoka, ukapita mikononi mwa Shaun Livingston, ukamfikia Andre Iguodala akiwa peke yake, naye akatia alama tatu zikibaki sekunde chini ya sita.

Nusu ya baraza ilisema kocha ni mpumbavu. Tulimtazama kijana wetu. Alikuwa amechuchumaa pembeni, akichora mraba kwa kidole kwenye vumbi, nukta nne na moja ya kukimbia.

Tukamwuliza, "Huyo waliyemwacha, walimsahau?"

"Hawakumsahau, Ustadh," akasema bila kuinua uso. "Walimchagua. Katika wote, yeye ndiye waliyeona afadhali arushe."

"Basi kocha alikosea."

"Hapana. Alichagua vizuri, na mpira ukaingia."

Wenzake wakamrukia kwa maneno, naye akawajibu mmoja mmoja. Walipopungua akainuka, akapangusa kidole katika kanzu, akatusogelea.

"Ustadh, na daftari langu?"

Lilikuwa mkobani mwetu tangu siku ile. Tukampa. Alipapasa mifukoni hakupata kalamu, tukampa na kalamu yetu, akaketi kwenye ngazi ya msikiti akaanza kuandika.