Meno ya tairi si urembo

Wasee, huu ubishi wa Boxer umenifuata mpaka kwa sahani. Hapa Meru, steji ya Makutano, vijana wanataka 150X: matairi ya meno, sura ya nduthi ya porini. Nikishuka Embu kwa mjomba, naambiwa Boxer ni BM150 ile ya kawaida, hayo mengine ni rangi ya kucha.

Na mjomba ana hoja. Yeye hubeba abiria mjini, na lami hula hayo meno haraka. Tairi si bei ya chapati.

Lakini tangu 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, karo nyingi huku kwetu imetoka kwa nduthi. Yangu ilitoka kwa BM150 ya Baba, ya mkopo, akibeba miraa kutoka mashamba ya Igembe. Mvua ya Aprili ikinyesha, udongo wa huko ni sabuni. Tairi ya nyuma ilikuwa kipara. Akasema atabadilisha akishanilipia muhula. Akateleza, mguu ukavunjika. Wenye mkopo walikuja kuchukua pikipiki akiwa bado na plasta. Nikaacha chuo mwaka wa pili, ndio maana mnaniona hapa na simu.

Kwa hivyo mjomba akisema meno ni urembo, mimi hunyamaza kwa heshima. Juzi tukipita Makutano na Baba, aliinama akapapasa tairi ya 150X moja, akauliza bei.

Ya tairi tu, si ya pikipiki.