Majuma sita ya mionzi

Wengi wenu wa Kasongo na Kabambare mwatuuliza habari za mwana wa dada yetu, yule aliyepelekwa mbali akapasuliwa kichwa. Basi haya ndiyo tuliyoyaona.

Mwaka 2019 mtoto alikuwa na miaka 8. Kila asubuhi alitapika na kulia kichwa. Mchana alitulia, nasi tukadhani ni minyoo, kisha malaria. Alipoanza kuyumba kama mlevi, watu walinong'ona habari za uchawi, na shangazi mmoja akatajwa kwa jina. Sisi hatukumtetea. Mwuguzi wa kituo cha afya alimwambia mtoto atembee juu ya mstari, akaanguka. Mwuguzi akasema, "Wazee, ugonjwa huu uko kisogoni. Mpelekeni mbali, upesi."

Tuliuza mbuzi na baiskeli, naye baba akatoa dhahabu kidogo aliyoichimba Namoya. Kwa pikipiki tulipita Salamabila na Lulimba hata Kalemie, tukavuka ziwa mpaka Kigoma, tukapanda gari la moshi kwenda Dar es Salaam.

Huko Muhimbili walifungua kisogo, wakatoa uvimbe uitwao meduloblastoma. Ni ugonjwa wa nadra, nao hupenda watoto. Juma la pili mtoto alicheka, akaomba ugali. Baba akafunga mizigo.

Ndipo mganga alipotuketisha. Ubongo na uti wa mgongo, alisema, huoga katika maji mamoja, na mbegu za uvimbe huelea humo. Kisu hakiwezi kuzifuata. Cushing wa Marekani, aliyeandika habari za uvimbe huu pamoja na Bailey mwaka 1925, alikuwa fundi mkubwa wa kupasua, lakini uvimbe ulirudi. Kule Manchester, Edith Paterson alipiga mionzi kichwa chote na uti wote, na mwaka 1953 ikatangazwa ya kuwa watoto kadhaa walikuwa wameishi miaka mingi.

Basi kidonda kilipopona tukaenda Ocean Road, katika jumba lililojengwa na Wadachi kando ya bahari. Mionzi mara 30, siku 5 kila juma. Haiumi, ila nywele zilidondoka zote. Juma la tatu fedha zikaisha. Baba alisema turudi, maana watoto wengine nyumbani hawakuwa na chakula, na kweli hawakuwa nacho. Dada yetu hakujibu neno. Alitoka akatafuta nguo za watu za kufua, akafua mpaka siku ya mwisho.

Mwana yu hai. Ni mfupi kuliko wenzake, na hesabu humshinda. Mganga alikuwa ametuonya mapema ya kuwa mionzi huudhuru pia ubongo unaokua. Yatupasa kumrudisha apigwe picha ya kichwa. Tumekwenda mara mbili tu. Safari ya pili, nauli ilitolewa na shangazi yule. Bado hatujamwomba radhi.